Beseni la Mlangoni

Kabla ya mashine kuletwa, jezi za timu zilifuliwa kwa mikono miwili, na mikono hiyo ilikuwa ya Mama Jezi. Tuseme ukweli, hata mashine ilipokuja mikono haikupumzika. Mashine aliipa jina la Mvivu kwa sababu, alisema, inazunguka kutwa nzima na doa la damu linabaki palepale. Basi Mvivu akapewa taulo na soksi, jezi zikabaki kwa mwenyewe.

Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa la ukumbi wa mpira wa kikapu. Siku ya mechi watu wakirukaruka huko juu, chokaa ilimdondokea kichwani, naye alijifunga kilemba na kuendelea na kazi. Aliingia humo ana miaka ishirini na sita, mtoto mgongoni, ameajiriwa kufagia kwa mwezi mmoja tu. Mwezi huo ukageuka miaka thelathini na moja. Yule wa mgongoni sasa ana wanawe, baba yake amekwisha kuzikwa, na Mama Jezi bado yuko chini ya jukwaa na kipande cha sabuni.

Watu wanadhani kufua ni kusugua. Haya, na wadhani. Mama Jezi alikuwa akiisoma jezi kabla haijagusa maji. Akiishika tu anajua nani alikimbia kurudi kukaba na nani alirudi kwa matembezi, nani ana homa anaificha, nani amegombana na mkewe akalala na nguo za mazoezi. Kocha mzee, aliyeiongoza timu miaka mingi, aliligundua hilo mapema. Kila Jumatatu asubuhi alishuka ngazi, akakaa kwenye kreti lililopinduliwa, akauliza swali lilelile: “Nguo zinasemaje?” Mama Jezi alimweleza. Hakuwahi kumweleza mtu mwingine, hata mwenyekiti wa timu. Habari za nguo ni za kocha, basi.

Miaka ile alikuwapo mchezaji mmoja, mrefu mwembamba, ambaye jina lake la kuzaliwa hata karani alilitafuta kwenye faili. Wenzake walimwita Benchi, naye akaitika. Misimu saba alivaa jezi ya timu, na ukizikusanya dakika zake zote uwanjani hupati mechi kumi. Kiti chake kilikuwa cha tatu kutoka kwa kocha. Alikaa hapo viwiko juu ya magoti, midomo ikichezacheza, anajisemea mchezo wote kimoyomoyo kama anayekariri somo.

Jumamosi moja baada ya mechi, mwenzake mmoja mtundu aliichomoa jezi ya Benchi kwenye kapu la nguo chafu, akainusa, akairudisha kwenye msumari ukutani. “Hii bado safi,” akasema. “Mama asichoke bure.” Chumba kizima kikaangua kicheko. Benchi naye akacheka, kile kicheko cha meno ambacho macho hayamo. Mama Jezi alikuwa mlangoni amekuja kuchukua kapu, na jambo lile lilimchoma kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa kijana yule.

Jumamosi iliyofuata walikuta beseni la bluu mlangoni, limejaa maji.

“Kuanzia leo hakuna kapu,” akawatangazia. “Kila mtu atanikabidhi jezi mkononi, naichovya hapahapa. Jasho likikauka linakula kitambaa.”

Jasho halili kitambaa upesi hivyo, na yeye alijua. Lakini nani wa kubishana na Mama Jezi kuhusu nguo? Wakapanga foleni. Alipokea, akapapasa kidogo kwa vidole ili kuisoma, akachovya. Ya Benchi ilizama kabla mtu hajapepesa jicho. Na jezi zikishakuwa majini, nani atajua ipi iliingia kavu? Utani ukafa wenyewe kwa kukosa chakula. Amri ya beseni ikabaki, miaka kumi na mitano, mpaka wachezaji wapya wakadhani ni sheria ya mpira wa kikapu dunia nzima.

Benchi alipoacha kucheza hakuondoka. Akapewa chumba kidogo karibu na ofisi, akawa mkata video wa timu: anatazama mechi, anazipasua vipande vipande, anaandika, anampelekea kocha mzee. Miaka minane hivyo. Hajawahi kuongoza timu yoyote, si ya watoto, si ya mtaa. Halafu kocha mzee macho yakamchoka, akaaga, akaenda kukaa kwa binti yake. Kabla ya kuondoka akamwachia mwenyekiti jina moja tu.

Mwenyekiti, mzee wa suti na wasiwasi, alishuka chini ya jukwaa akasimama mlangoni.

“Mama, wewe umewaona wote hapa. Benchi anatufaa?”

“Ni mtoto mwema, Mwenyekiti.”

“Wema sijakuuliza.”

Mama Jezi akainamia karai lake na kusugua kola iliyokwisha kutakata. Mwenyekiti akapanda ngazi na jibu lake hilo nusu, na wiki hiyohiyo, kwa imani ya kocha mzee tu, Benchi akatangazwa kocha mkuu. Kwa masharti, lakini: apewe mechi tatu. Akizipoteza zote, atafutwe kocha wa kweli.

Kocha wa kweli. Ndivyo walivyosema, na mji mzima ukalidaka. Mlinzi wa geti, ambaye hajawahi kurusha mpira ukafika hata kwenye ubao, ndiye aliyeongoza kwaya. “Aisifuye mvua imemnyea,” akasema. “Huyu hata manyunyu hayajampata.” Mama Jezi alimkata jicho akamwambia alinde geti lake. Ila alipofika chumbani aliketi akajiona mnafiki, maana maneno ya mlinzi ndiyo yaleyale aliyoyameza mbele ya mwenyekiti. Alimpenda Benchi, na alimwonea huruma. Huruma ya miaka kumi na mitano, hebu fikiri, humfanya mtu akuone mdogo hata ukigusa dari.

Mechi ya kwanza wakafungwa kwa pointi kumi na saba. Jumatatu yake Mama Jezi alilifuta vumbi kreti, akalisogeza karibu na dirisha, akangoja. Benchi hakuja. Akasikia yuko juu na kompyuta yake. Sawa, akasema, kwani mimi ni nani. Siku nzima alisugua kwa hasira mpaka namba ya jezi moja ikaanza kubanduka.

Mechi ya pili wakafungwa kwa tisa. Jumatatu asubuhi nyayo zikasikika kwenye ngazi, taratibu, zikasimama, zikaendelea. Benchi akainama kupita mlangoni, kwa urefu ule. Mvi zilikuwa zimeanza kumwingia na hakuwa amenyoa ndevu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akalitazama kreti bila kukaa. “Wiki iliyopita nilifika mpaka pale kwenye ngazi ya tatu. Nikarudi. Nilihisi nikikaa hapo na kuliuliza lile swali, nitakuwa nimevaa viatu vya mzee na miguu haijai.”

“Na leo?”

“Leo imebaki mechi moja.” Akakaa. Magoti yakamfika kifuani. “Nguo zinasemaje, mama?”

Mama Jezi alikausha mikono kwenye kanga yake, polepole, kidole kimoja kimoja. Wiki ngapi hajaulizwa swali lile.

“Nahodha,” akasema. “Anacheza dakika zote, lakini jezi yake inanifikia nyepesi. Wiki mbili sasa. Na soksi ya mguu wa kulia inanuka dawa ya kuchua mpaka Mvivu mwenyewe ananuka. Goti limekufa, mwanangu. Hakimbii, anaigiza, na wenzake wanamsubiri.”

Benchi alishika kichwa. “Nimeziangalia zile video mara kumi. Nilidhani ananidharau. Nilidhani hataki kunichezea.” Akanyanyua uso. “Wiki mbili, mama. Mbona hukuniambia?”

“Hukuuliza.”

Mama Jezi mwenyewe ndiye aliyeshindwa kulivumilia jibu lake. “La, acha nisiseme uongo. Kocha mzee asingeuliza ningempandia ngazi. Wewe nilikungoja uje kama kocha kwa sababu nami sikuwa na hakika kama ni kocha. Nimekugharimu, nisamehe.”

“Nisingeuliza hata leo kama ningeshinda,” Benchi akajibu. “Tumegharimiana.” Kisha akapanda ngazi mbili mbili, na magoti yake hayo.

Alichozungumza na nahodha wanajua wawili hao. Nahodha alitoka ofisini macho mekundu, na kumbe siri ile ilikuwa imemla kuliko goti lenyewe: aliogopa kwamba akikaa benchi mara moja hatasimama tena. Unamwambia nani hofu hiyo akakuelewa, kama si mtu aliyekaa misimu saba?

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Jina la nahodha lilipokosekana kwenye watano wa kwanza, jukwaa likazomea mpaka chokaa ikamnyeshea Mama Jezi kama unga. Aliacha kazi, akaenda kusimama kwenye mdomo wa korido ili aone. Nahodha alikuwa kwenye kiti cha tatu kutoka kwa kocha. Viwiko juu ya magoti. Robo ya kwanza alikaa kama aliyefiwa. Robo ya pili midomo ikaanza kuchezacheza. Robo ya tatu akamvuta Benchi shati na kumnong'oneza kitu, akionyesha kwa kidole jitu la upande wa pili, na tangu hapo jitu lile kila likigeukia kushoto lilikuta mtu ameshafika. Benchi alitembea kando ya mstari huko na huko, akiita, akipanga mikono, hajakaa hata dakika moja. Mama Jezi hakumtambua. Benchi alikuwa akisema kwa sauti yale yote aliyoyasema kimoyomoyo ujana wake mzima.

Wakashinda kwa pointi moja. Pointi moja ya sekunde ya mwisho, mpira umezunguka mdomo wa kikapu kama unaotafuta sababu ya kutoingia, ukaingia. Mwenyekiti akamkumbatia mlinzi wa geti, na mlinzi wa geti alikuwa akilia.

Mama Jezi alikwisha kurudi kwenye beseni lake. Wakapanga foleni wakiimba, mmoja mmoja wakimkabidhi, jezi nzito zinazonata. Nahodha akafika akichechemea. Jezi yake ilikuwa imekunjwa, kavu, safi kama ilivyotoka kwenye pasi asubuhi. Aliishika kwa aibu, asijue aipeleke wapi. Nyuma yake wenzake wanasukumana. Mama Jezi aliinyakua, ikazama majini kabla yeyote hajapepesa jicho.

“Jasho likikauka linakula kitambaa,” akamwambia. “Nenda ukaweke barafu hilo goti.”

Alipoinua macho alimwona Benchi amesimama kwenye kona ya korido, anatazama. Wachezaji walipoisha alisogea. Alikuwa amevaa koti la mazoezi lililofungwa mpaka shingoni, na mkononi ameshika shati lake jeupe la kocha. Kocha mzee hakuwahi kuleta shati, alifuliwa nyumbani. Mama Jezi akanyoosha mkono, kwa mazoea, tayari kulichovya.

“Usilichovye, mama. Lishike kwanza.”

Akalishika. Lilikuwa zito. Mgongo umelowa, kifua kimelowa, kola imelowa, mpaka kwenye vifungo vya mikono. Ukilikamua lingetoa kikombe. Aliligeuza upande, akaligeuza upande mwingine, akitafuta mahali pakavu.

“Nilijua siku ileile,” Benchi akasema. “Jumamosi ya kwanza. Nilikuwa wa nne kwenye foleni, ukanyoosha mkono ukawaruka watatu, ukachukua yangu kwanza. Nikaenda nyumbani nikalia, mama. Nisingerudi kwenye timu hii kama si beseni lako.”

“Miaka yote hiyo,” Mama Jezi akasema, “nawe unanikabidhi tu kimya.”

“Ulikuwa unaichovya vizuri sana. Ningekuharibia.”

Benchi alicheka, naye Mama Jezi akacheka, halafu machozi yakamtoka na hakujisumbua kuyafuta, maana mikono ilikuwa imeshika shati. Benchi akamwinamia, akamshika bega, akaondoka kwenda kuonana na mwenyekiti.

Mama Jezi akalimwaga beseni. Jezi zote akazisugua, akazisuuza, akazianika kwenye kamba mpaka mwisho wa chumba, kumi na mbili, zikidondosha maji. Shati jeupe hakulitia sabuni. Alilitundika la mwisho, karibu na dirisha, juu ya kreti, na jasho lake lote, akaliacha likauke hivyohivyo.