Waridi Dogo Ng'ambo ya Luama

Pale Kasongo, ukimwambia mtu wa pikipiki akupeleke kwa Djamila wa mawaridi, hakuulizi mara mbili. Waridi lolote lililotelekezwa, iwe kwenye magofu ya nyumba za zamani au nyuma ya misheni, Djamila atalifuata, atafikicha jani na kulinusa, atapapasa miiba, kisha atakuambia ni ndugu wa lipi. Majirani walimcheka: wenzake wanalima mihogo, yeye anazurura porini kutafuta vya kumchoma. Hawakujua kwamba alikuwa akimtafuta mama yake.

Mama alifia njiani wakati wa vita, familia ikikimbia kutoka Kabambare. Katika mzigo wake mlikuwa na vijiti vya waridi la uani, maana alikataa katakata kuliacha. Walimzika harakaharaka, na baba akachomeka kijiti kimoja upande wa kichwa kiwe alama. Djamila, mtoto mchanga, alipotea katika purukushani hiyohiyo; mkulima mmoja, Victorine, alimwokota na kumlea mpaka baba alipompata. Baba naye sasa ni marehemu. Amebaki mjomba Atumani, asiyeweza tena safari ndefu, na ndiye aliyempa alama: ng'ambo ya mto Luama, waridi jeupe lenye wekundu kidogo katikati, jani lake ukilifikicha linanukia karafuu.

Kiangazi hiki alilipata, limeparamia mti. Kando yake kulikuwa na lingine dogo, la aina ileile. Chini ya lile kubwa magugu yalikuwa yamejaa, lakini chini ya lile dogo udongo ulikuwa mtupu, umefagiliwa, na alama za ufagio bado mbichi. Kijiji cha karibu kilihamwa tangu vita.

"Dada Djamila, twende," Fidèle, dereva wake, aliita kutoka njiani. "Hapa hata ndege hailie."

Ilikuwa kweli. Djamila alimwombea mama yake, akalia mpaka moyo ukatulia. Kukata kijiti kwenye lile kubwa aliona ni kumsumbua marehemu, basi akakata kwenye lile dogo.

Nyumbani alikipanda kijiti, kikashika upesi kupita kawaida. Na kila alfajiri alikuta udongo wake umefagiliwa, ilhali ufagio ulikuwa ndani, nyuma ya mlango. Aliogopa, lakini alifurahi pia. Alijiambia kwamba mama amefika nyumbani.

Mjomba Atumani alipokuja kuliona, alinusa jani, akasita.

"Ulikata ku ile mukubwa ao ku ile kadogo?"

"Kadogo, mjomba."

Mzee alitafuta kiti, akakaa.

"Mama yako iko chini ya ile mukubwa. Kadogo ni ya kwako. Tulikutafuta, tukakukosa, tukasema mutoto amekufa. Baba yako akazika kikwembe, ile nguo ya kukubebea mugongoni, akapanda kijiti juu. Ulipoonekana, akatukataza kukuambia."

Djamila aliutazama udongo ule safi.

"Sasa nani anafagia, mjomba?"

Mjomba aliugusa udongo kwa vidole.

"Mama yako, kila asubui, alikuwa anafagia kwanza fasi ile, pale ulikuwa unalala."

Djamila aliingia ndani, akatoa mkeka, akautandika kando ya waridi, akajilaza pale mchana kweupe, mjomba akimtazama, ili mama aone kwamba mtoto yu hai.