Rimu za Baba Yako

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi baba yako alipokuja kunichukua nyumbani kwa babu yako, Uyole, na namna alivyolizunguka gari lake huku akilifuta kwa kitambaa kabla hajaniruhusu nipande. Naikumbuka, mwanangu Gwamaka, kwa sababu ndiyo asubuhi ya mwisho niliyokaa naye. Juzi uliponitumia picha ya gari lako la spoti na rimu unazotaka kulivisha, ukaniuliza, "Shangazi, unazionaje?", sikukujibu. Leo nakujibu.

Umekua ukiambiwa kwamba baba yako alikufa kwa sababu ya ukungu wa Mafinga. Tulisema hivyo kwa ajili ya bibi yako. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na ukungu haulaumiwi na mtu. Sasa bibi naye hayupo. Ukungu ulikuwapo kweli siku ile, lakini ulikuwa mwepesi, na malori yalikuwa yakipita bila shida.

Lusajo, baba yako, alikuwa mdogo wangu wa kunifuata. Alikuwa fundi wa mitambo ya kukoboa mpunga huko Rujewa, na usidhani alikuwa mtu wa ovyo. Niliwahi kumtembelea kazini nikamkuta amezima mashine nzima, wakulima wamepanga magunia mpaka nje wakinung'unika, eti kwa sababu puli moja ya kuzungusha mkanda inacheza. Aliniambia kwamba kitu kinachozunguka kikianza kucheza hakijirekebishi chenyewe. Ulishike hilo kabla sijaendelea. Alijua.

Gari lake lilikuwa la milango miwili, la chini chini, mtumba wa Japani. Rimu moja ilipasuka shimoni kwenye njia ya kuingia Rujewa. Angeweza kutafuta moja ya kufanana nayo, na pengine angesubiri wiki kadhaa. Lakini mama yako, Restituta, alikuwa kwao karibu na Tosamaganga, amekwenda kuusubiri ujio wako, na baba yako alitaka kufika ukweni akiwa anapendeza. Akanunua seti nzima, pana na nyeusi, ukingo unang'aa, iliyotolewa kwenye gari la aina nyingine. Nami sikatai, zilikuwa nzuri. Nilipoziona nilimsifu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu Igowole, kwa hiyo tulikubaliana anishushe Nyororo, nami niende huko kwa gari jingine. Tulitoka na mizigo yangu imejaa nyuma, mchele na mafuta ya kula ya mwezi mzima. Mpaka Igawa tulikuwa tunacheka. Alikuwa anatafuta jina lako. Akisema moja nalikataa, nikisema langu analikataa. Baada ya Makambako nikaona usukani unatetemeka mikononi mwake, kidogo tu, kila alipoongeza mwendo. Akipunguza, unatulia. Akaacha kucheka, ila hakusimama.

Nyororo niliposhuka nilisikia harufu ya mpira unaoungua.

"Lusajo, hii gari inanuka."

"Ni tairi inagusa digadi, hili bati la juu yake, dada. Ukishuka wewe na mizigo yako itaacha."

Nikamuuliza na kule kutetemeka je. Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akaligusa kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akanieleza bila kunificha. Tundu la katikati la zile rimu lilikuwa kubwa kuliko kitovu cha gari kinachopaswa kulijaza, kwa hiyo rimu haikukaa katikati sawasawa. Tena, ili isiguse kwa ndani, aliweka bamba la chuma la kuisukuma nje, na bamba lile lilikula urefu wa stadi, zile skrubu ndefu zinazopokea nati. Alikuwa ameagiza ringi za kuziba ule uwazi na stadi ndefu zaidi. Zilikuwa njiani.

"Na kwa sasa?" nikamuuliza.

"Kwa sasa nati zinashika."

Akanikumbatia, akaniambia ndaga, asante kwa kumsindikiza, akaondoka. Nilisimama nikaliangalia gari mpaka likapotea kwenye kona. Lilikuwa linapendeza, mwanangu. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Ajali ilimfikia mbele ya Mafinga, mahali barabara inapoteremka katikati ya misonobari. Stadi zilikatika, gurudumu la mbele likachomoka, gari likaingia msituni. Hakumgonga mtu, wala hakugongwa. Waliomtoa walisema alikuwa bado anapumua. Hospitali hakufika.

Habari zilimkuta mama yako anaanika nguo zako ndogo. Alizianika zote mpaka ya mwisho, ndipo akakaa chini. Hayo aliniambia mama yake.

Baada ya maziko mimi na babu yako tulikwenda kituo cha polisi kuliona gari. Lilikuwa limejikunja kama karatasi. Lile gurudumu lililochomoka lilikuwa limeokotwa bondeni na kuegemezwa pembeni, na rimu yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Tukiwa tumesimama pale akaja kijana mmoja, mpole tu, akatupa pole, kisha akauliza kama rimu zile zingeuzwa. Babu yako alikwenda nyuma ya ukuta, na nilipomfuata nikamkuta ameshika kichwa.

Tulizichukua zote. Ulipozaliwa nikampelekea mama yako habari kwamba wanunuzi wamekuwa wengi, na kwamba uamuzi ni wake. Yeye akasema neno moja tu, "Zikatwe." Siku alipopata nguvu tulikwenda naye Rujewa, kwenye karakana ya mitambo alikofanya kazi baba yako, wewe ukiwa mgongoni. Wenzake wakazikata vipande kwa mashine ya kukatia chuma, moja baada ya nyingine. Ulilia sana kwa ule mlio. Mama yako hakutoka mpaka walipomaliza.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikukatazi gari, na sikukatazi kupendeza. Ujana si kosa. Lakini kabla hujanunua rimu yoyote, soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango au kitabu cha gari, ujue vipimo vyake. Idadi ya matundu ya nati na nafasi kati yake viwe vilevile, siyo kukaribiana. Tundu la katikati likae kwenye kitovu bila kucheza, na kama linahitaji ringi, ringi iwepo siku hiyohiyo. Rimu isitokeze nje wala kuingia ndani kupita kiasi. Kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, na watu wamekaa ndani, uone kama inagusa breki, shokamzoba au digadi. Tairi iwe ya kubeba uzito na mwendo wa gari lako. Nati ziwe za rimu hiyohiyo, zikazwe kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, na ukishatembea kidogo urudi zikaguliwe tena. Usukani ukitetemeka, simama. Usingoje kufika.

Na lililo kubwa kuliko yote ni hili. Baba yako hakufa kwa kutojua. Alijua, akajipa muda. Ukimsikia fundi akikuambia kwamba kwa sasa itashika, au ukijisikia mwenyewe ukisema hivyo, zima gari, chukua basi, uchekwe. Afadhali mama yako akuone unashuka kwenye basi na vumbi lako.

Zile za kwenye picha nitumie vipimo vyake, na vya gari lako, tuvilinganishe pamoja. Visipolingana, uziache dukani.

Mungu akulinde barabarani na akurudishe nyumbani kila unapotoka. Akupe mke, akupe watoto, na uwe nao. Akupe mvi, mwanangu, nyingi, kichwa kizima, maana za baba yako hatukuziona.