Nilivunjwa Mkono, Nikaandika Nilianguka Bafuni

Admin, ondoa jina langu na la hospitali kabla hujaweka hiki kisa, maana watu wa Makueni tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni muuguzi wa miaka thelathini na tatu. Nimeolewa Kasikeu na nina msichana wa miaka sita, tumwite Mwende. Mume wangu anauza na kuziba magurudumu pale Salama, kando ya barabara. Mwaka jana nilipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, uuguzi wa watoto mahututi. Wiki nzima niko wodini Kitui, Ijumaa narudi nyumbani. Darasani kwetu hakuna anayenishinda kupata mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji mwilini, na sijigambi. Sawa, najigamba kidogo.

Kipigo kilianza wiki ile barua ya chuo ilipofika. Kofi la kwanza alisema ni la kunikumbusha nani mwenye nyumba. La pili lilikuwa kwa sababu sikushika simu yake, na saa hiyo mikono yangu ilikuwa juu ya kifua cha mtoto wa miezi minne ambaye moyo wake ulikuwa umesimama. Baada ya hapo hakuhitaji sababu. Alinikanyaga mbavu kwa buti za kazi. Aliningʼoa msuko mmoja ukatoka na ngozi. Alichoma madaftari yangu kwenye jiko nililokuwa nikichemshia muthokoi wake, na nikampakulia. Wodini nilivaa sweta kwenye joto la Kitui nikacheka na wenzangu. Mimi nina mdomo, muulize yeyote, lakini kwa hilo nilinyamaza, na bado najichukia.

Jumapili moja mwezi uliopita, tukitoka kanisani, niliketi kujiandaa kwa mtihani wa vitendo. Mwende akaleta mdoli wake mezani. Mimi nasukuma kifua mara kumi na tano, yeye anampulizia pumzi mbili, tunahesabu kwa sauti na kucheka. Baba yake akaingia akauliza chakula. Nikamwambia kiko jikoni kimefunikwa.

"Ya mdoli uko na time," akasema. "Mimi nijipakulie kama mtu hana bibi?"

Nikamjibu kwamba mdoli angalau hanipigi. Ndiyo, nilisema. Alitoka, nikadhani ameenda zake. Akarudi na spana ya kufungulia magurudumu. Alianza na mdoli, akamngʼoa mkono, kisha akalenga kichwa changu. Niliinua mkono wa kulia. Nilisikia mfupa ukikatika kabla ya kusikia maumivu. Nilipoanguka alinipiga mgongoni, tena na tena, huku Mwende akiwa chini ya meza ameshikilia mguu wa kiti. Aliacha kwa sababu alichoka, si kwa sababu nilimwomba.

Ni yeye aliyenipeleka hospitali na pikapu yake. Njiani alitufundisha la kusema: mama ameanguka bafuni. Alimkaririsha Mwende maneno hayo mpaka akayasema bila kukosea. Na mimi, nilipopewa fomu, nikayaandika kwa mkono wa kushoto.

Daktari aliyetupokea nilisoma naye zamani. Aliinua picha ya mfupa dirishani akagusa pale ulipokatika. Anayeanguka huvunjika kifundo cha mkono. Wangu ulikuwa umevunjika katikati, upande wa kidole kidogo, na hapo huvunjika mtu aliyekuwa akijikinga. Yeye anajua, mimi najua. Mwalimu wetu hutuambia kila mara kwamba hadithi na jeraha visipopatana, faili halifungwi. Mimi mwenyewe niliita polisi kwa ajili ya mtoto aliyeletwa kutoka Mtito Andei, eti ameanguka kitandani. Mama yake alikuwa amesimama pale kimya, nikamdharau sana. Leo ningempata ningemwomba msamaha.

Mume wangu alipotoka kulipa, daktari akaninongʼoneza, "Sista, mimi P3 nitajaza vile nimeona. Kuipeleka ni wewe."

Niliporudi kliniki peke yangu, alinikabidhi fomu hiyo ya polisi ikiwa imejazwa. Nimeificha kwenye mkebe wa unga.

Sasa Jumamosi hii watu wa mume wangu wanakuja kwa baba yangu na mbuzi wa kuomba msamaha. Hapa kwetu mbuzi wa namna hiyo akichinjwa na aliyepigwa akala, neno limeisha, halifufuliwi. Baba amekubali na mzee wa kanisa atakuja kuomba. Mume wangu ameapa hatanigusa tena, kwa sharti moja, niache masomo. Mama mkwe wangu amenisihi nisiwaaibishe.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, kula hiyo nyama," aliniambia. "Ukienda polisi baadaye, hata baba yako hatasimama na wewe."

Nilikuwa karibu kukubali. Vidole viwili bado havikunjiki vizuri, nikajiambia labda hata mshipa sitaupata tena, naacha nini basi. Lakini jana mchana nilikuwa naanua nguo, nikamsikia Mwende akizungumza nyuma ya nyumba. Alikuwa amemfunga mdoli wake bandeji yangu ya zamani, pale mkono ulipongʼoka, akimlaza vizuri kwenye kanga.

"Daktari akikuuliza, usilie," alimwambia. "Sema umeanguka bafuni. Haya, sema tena."

Akamkaririsha mara tatu, kwa sauti ileile ya baba yake.

Jamani, Jumamosi haiko mbali, na mbuzi ameshanunuliwa. Nikikataa nyama, nitakuwa nimemkana baba yangu mbele ya watu. Nikila, ile karatasi ndani ya unga haina kazi tena. Nyinyi mliopita hapa, na nyinyi mnaolea wasichana, niambieni ukweli hata kama utaniuma. Nifanye nini?