Mgomba Uliozikwa Badala ya Babu

Utotoni mwangu, babu yangu alikuwa na kaburi lake nyuma ya nyumba, na alikuwa mzima. Kila asubuhi alilipita akienda kunawa uso. Watoto wa majirani pale Heru Juu waliogopa kukatiza uani kwetu, lakini mimi niliyekulia pale sikuona ajabu. Nilidhani kila babu ana lake.

Mambo yalianza hivi. Babu alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, akiwa kijana, siku ile watu wa mtwale, chifu wetu mdogo, walipopita wakikusanya wenye nguvu kwa ajili ya vita vya Wazungu. Alimwacha bibi na mtoto mgongoni, ambaye ndiye baba yangu, akapelekwa Burma. Miaka ikapita bila habari. Kisha akarudi askari mmoja wa Kasulu, akasema amemwona babu kwa macho yake akichukuliwa na mto. Sasa, kwetu mtu hawezi kufa akakosa kaburi. Atazunguka akiulizia nyumbani, na watakaougua ni watoto wake. Kwa hiyo wazee wakang'oa mgomba, wakaukata urefu wa mwanamume, wakauviringisha kwenye mkeka, wakauzika. Bibi akanyolewa nywele, akalia matanga ya shina la mgomba.

Kosa lao, waliuzika pamoja na kisiki chake. Mvua za kwanza tu, kaburi likachipua.

Mgomba ulipofika kiunoni, babu akarudi. Bibi alikuwa akipalilia maharage, akaona mtu mwenye koti kubwa la jeshi anashuka njia ya Kasulu, kikombe cha bati kinaning'inia mkandani. Alitupa jembe akatoka mbio mpaka kwa jirani. Alitusimulia hayo huku akicheka, ila babu akiwa karibu hakusimulia kabisa.

Aliyekwisha kuliliwa haingii kwa mlango. Walitoboa ukuta wa nyuma, babu akaingia kwa kutambaa, akalishwa uji kama mtoto mchanga. Kisha mzee wa ukoo akatoa agizo: mgomba ule usikatwe, ndizi zake zisiliwe, kwa kuwa uhai wa babu sasa umo humo. Basi mashina yalizeeka yakaanguka yenyewe, machipukizi yakashika nafasi, mikungu ikaiva na kuozea pale pale. Mwaka mmoja wa njaa, jamani, tulikaa tukimeza mate tukiwatazama ndege wanakula. Bibi aliuwekea majivu na kuupalilia kwa vidole.

"Atakayeugusa huu," alituambia, "amemgusa babu yake shingoni."

Babu mwenyewe hakuutazama. Alikuwa mtu mkimya, mwenye kikohozi kisichoisha, na radi ikipiga aliingia uvunguni mwa kitanda na lile koti lake. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi tu ndiye niliyemzoea. Aliniita mke wake mdogo, akanifundisha kupiga saluti, na bibi akinituma nikachelewa alinifokea, "Wewe mke mwenzangu, utanizeesha bure!" Nilimpenda sana mzee yule, naomba hilo lijulikane kabla sijasema mengine.

Nilikuwa na miaka tisa, shangazi yangu alipokuwa anaolewa. Ndizi za kutengenezea lubisi, pombe ya ndizi, ya arusi zilikuwa tayari kuvundikwa shimoni, na bibi alinituma bondeni nikakate majani ya kutandika humo, yeye akaenda kuteka maji. Wingu lilikuwa limetanda. Mimi na uvivu wangu nikaona bonde liko mbali, mgomba uko hapa, na jani ni jani tu. Nikakata mawili. Nilipolishika la tatu, nikasikia kikohozi nyuma yangu.

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ananitazama. Panga likaniponyoka.

"Babu, nimekuua?"

"Bado," akasema. "Njoo ukae hapa."

Nikakaa, kamasi zinanitoka.

"Unajua nani yumo humo?"

"Wewe."

"Mimi si niko hapa? Humo yumo Bitulo."

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina hilo. Bitulo alikuwa kijana wa Kasanda, rafiki yake wa vitani. Walikunywa kwa kikombe kimoja, kile kile cha bati. Siku ya kuvuka mto walishikana mikono. "Maji yalituvuta wote wawili," babu alisema, "nikamwachia mkono." Yule askari wa Kasulu aliona kwa mbali akawachanganya. Hivyo kwetu wakalia, na kule Kasanda mama yake Bitulo akaendelea kungoja.

"Niliporudi nilisema kesho nitakwenda nikamwambie. Kesho. Kesho. Mama wa watu amekufa akingoja, na hakuna hata aliyemzikia mwanawe shina." Machozi yakamshuka babu mpaka kwenye kola ya koti. Sikuwa nimewahi kumwona mzee akilia, na nilitaka kukimbia.

"Kata," akasema.

"Bibi amekataza."

"Kila asubuhi nikinawa uso, ananiangalia. Nikishika panga mwenyewe, mkono unakataa. Kata, mke wangu. Hiyo ni amri."

Nikapiga saluti. Mungu anisamehe, nilipiga saluti kwanza, kisha nikakata. Mgomba ni laini, hata mtoto anauweza. Nilipiga mara tatu ukalala.

Bibi alirudi na mtungi kichwani, akaona. Mtungi ule ulivunjika pale pale.

"Nani? Nani amefanya hivi?"

Utomvu ulikuwa umenigandia mikononi. Nikaificha nyuma.

"Mimi," babu akasema.

Bibi alimgeukia. Nilingoja matusi, lakini alisema polepole kabisa. "Ulikwenda nikakungoja. Wakakuzika nikakulilia. Umerudi, nimekushika hapa kwa mikono yangu miaka yote hii. Kumbe umenichoka." Akaingia ndani, akatoka na mkeka wake, akahamia jikoni.

Nilimfuata babu nikilia, nikamwambia nataka nikaseme. Akanishika kichwa. "Acha. Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Kesho."

Hakumwambia. Bibi alipika kama kawaida, akaweka sahani kizingitini, na mimi ndiye niliyeiingiza ndani. Babu alianza kutema damu. Maharage hayajang'olewa, akafa. Tulimzika pale pale, na Heru Juu nzima ikasema bibi alionya na imetokea. Mpaka leo wanasema hivyo, nami sibishani nao.

Mimi sasa ni muuguzi, nakaribia kustaafu. Kikohozi kile nimekisikia kwa wagonjwa wengi na najua jina lake. Kilikuwa kifuani mwa babu kabla sijazaliwa, seuze kushika panga. Kujua hivyo kunanisaidia mchana nikiwa kazini. Nikiona mgomba umekatwa, hakunisaidii kitu, na kuna siku namkasirikia mzee yule: kwa nini alimpa mtoto kazi ile?

Lakini kinachoniuma hasa si panga. Bibi aliishi miaka kumi na minne baada yake, na kila mgeni aliyekaa naye alimwambia neno lile lile: "Mume wangu alinichoka." Nilikuwa mwanafunzi, nikawa muuguzi, nikaolewa, nikazaa. Kila likizo nilimpelekea sukari na kanga, na njiani kote nilikuwa nimeshika sentensi moja tu mdomoni: Bibi, ni mimi niliyekata, babu hakukuchoka. Nikifika tunasalimiana, ananiita mke mwenzangu, tunacheka, nasema nitamwambia kesho. Alifariki mimi nikiwa kazini Kibondo.

Ningesema siku ile ile, angenichapa kwa mwiko, najua, na angenichapa vizuri. Kisha angekunja mkeka wake akarudi ndani kwa mumewe, siku zile chache zilizobaki.

Babu hakwenda Kasanda, na Kasanda ni mbali, siku nyingi kwa miguu. Kutoka nilipokuwa nimesimama na mikono yangu yenye utomvu mpaka jikoni kwa bibi, zilikuwa hatua ishirini.