Mguso wa Sita Uwanjani Kyimo

Timu yetu ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja, na kapteni wake nilikuwa mimi. Nasema mapema mtu asije akadhani nasimulia habari za mashujaa. Tulikuwa wauguzi watatu, walimu wawili na fundi cherehani wa sokoni Tukuyu, mzee wa watu ambaye babu yake alitoka Pwani, na ambaye kila Alhamisi alikuja mazoezini na futi ya kupimia nguo ingali shingoni.

Raga ya kugusa haina makuu. Mpira una umbo la papai, unarushwa nyuma tu, na hakuna kuangushana. Ukimgusa mwenye mpira unanyoosha mkono juu na kuita "Gusa", naye anasimama, anaweka mpira chini, mchezo unaendelea. Wakiguswa mara sita, mpira unakuwa wenu. Anayeutua nyuma ya mstari wa wapinzani amepata pointi. Mwalimu wa michezo aliyetuletea mchezo huu alisema hata mwenye kitambi anauweza, nasi tukamwamini maana yeye mwenyewe alikuwa nacho.

Basi Jumamosi moja likaandaliwa bonanza la siku moja kwenye uwanja wa shule huko Kyimo. Timu zilikuwa nne: sisi, Kiwira, Nkunga na moja kutoka Mbeya mjini. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kufurahi, waandaaji wakataka kila timu iwe na wanawake wasiopungua wawili na mtu mmoja aliyevuka hamsini. Wa kwanza angepata mbuzi, wa pili soda kreti mbili, wa tatu mkungu wa ndizi. Mkungu wa ndizi, Rungwe hii hii, ambako ndizi zinaota hadi nyuma ya choo. Lakini niliutaka mkungu ule jamani. Nilikuwa nimewabembeleza wenzangu miezi miwili waje mazoezini kwenye mvua, na sikutaka kurudi mikono mitupu.

Asubuhi Mbeya mjini walitufunga tisa kwa moja. Hiyo moja ilikuwa ya fundi cherehani, na aliisimulia mpaka saa ya chakula. Nkunga nao wakawafunga Kiwira, kwa hiyo mchana tukabaki sisi na Kiwira tugombee ndizi. Kiwira walikuwa na shida: mzee wao alikuwa ameteguka mguu. Wakatafuta mwingine kati ya watazamaji wao, wakampata. Akavua koti, akakunja suruali, akaingia uwanjani. Alikuwa baba mkwe wangu.

Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu baba mkwe unamwandalia chai, mnakaa mnazungumza machungwa. Nilipoolewa Kiwira, mama mkwe alinikalisha jikoni akanieleza mambo ya kwao: mkamwana humkwepa baba mkwe. Humtazami usoni, humpi mkono, hamli meza moja, na mkikutana njiani unapisha, unachuchumaa pembeni na kuangalia chini mpaka apite. Wazee wanaita kutila. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, ila ya mume wangu haikulegeza, nami nikakubali. Miaka minne, kila tukienda kwao, mzee akitaka kuniambia neno humwambia mama: "Mwambie mama wa mjukuu wangu aanue nguo, mvua inakuja." Mimi niko upande wa pili wa mlango, nimesikia kila kitu, na bado namsubiri mama aje aniambie.

Ubaya wake ni kwamba sikuwahi kujua kama mzee ananiheshimu au hanitaki tu. Mtu anayekuheshimu hivyo na mtu asiyekupenda wanafanana kabisa kwa mbali. Nikimuuliza mume wangu alikuwa anacheka, "Baba anakupenda." Kajuaje? Hilo liliniuma kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Mechi ikaanza. Dakika ya tatu mzee akapata mpira, akakata upande wangu, akainua macho akaniona. Mimi nikachuchumaa.

Sikukusudia. Magoti yalijikunja yenyewe, kama yalivyofanya kwa miaka minne, nikatazama majani mpaka viatu vyake vikapita. Akautua mpira nyuma ya mstari bila kuguswa na mtu. Watazamaji wanaojua mila wakapiga makofi, na sina hakika walikuwa wanampigia yeye au mimi. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama pembeni na kitenge chake cha njano, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dada," fundi akaniambia akihema, "leo umekuja kucheza au kuamkia watu?"

Vijana wa Kiwira si wajinga. Walikwisha kuona kwamba kwangu kuna mlango wazi. Mzee mwenyewe alikuwa muungwana, akahamia upande wa kulia ili asinisumbue, lakini kapteni wao akamrudisha kushoto. Nikihamia kulia, naye analetwa kulia. Wakapata ya pili hivyo hivyo. Afadhali wenzangu walikasirika, maana sisi tukiwa na hasira tunacheza vizuri kidogo. Mwalimu wa hesabu akatua mbili, muuguzi mwenzangu akatua moja. Ikawa tatu kwa mbili, sisi mbele, na mwamuzi anaangalia saa.

Shambulizi la mwisho lilikuwa la Kiwira. Tukawagusa mara tano. Ukungu ulikuwa umeshuka, uwanja umekuwa tope, na mpira ukamfikia mzee. Akaja upande wangu. Safari hii sikuchuchumaa, nilikuwa nimejikaza. Nilikuwa nimeamua kukimbia mbele yake tu, nimzibe njia bila kumgusa, labda atamrushia mwingine. Akanipita. Nikageuka kumfuata, mguu ukateleza, nikatupa mikono mbele ili nisianguke kifudifudi, na kiganja changu cha kulia kikatua katikati ya mgongo wake.

Nilisikia joto la shati lake. Ilipaswa ninyooshe mkono na kuita. Sikuita. Nilipiga magoti pale kwenye tope, mkono nimeuficha kifuani, nikimwona mama mkwe amejiziba mdomo kwa kitenge. Nikawaza kwamba sasa nimemaliza kila kitu, kama alikuwa hanitaki amepata sababu. Mwamuzi, kijana wa hapo hapo Kyimo, alikuwa ameona vizuri sana. Akageuka akautazama Mlima Rungwe, ambao kwa ukungu ule haukuonekana hata kidogo. Uwanja mzima ulikubaliana kutoona.

Mzee alikuwa amebakiza hatua mbili afike mstarini. Akasimama. Akageuka, akarudi taratibu mpaka pale tope lilipokuwa na alama ya goti langu, akaweka mpira chini.

"Nimeguswa," akasema.

"Na nani, mzee?" mwamuzi akauliza. "Mimi sikuona."

"Na mwanangu huyu." Akaninyooshea kidole, akiniangalia usoni. "Hesabu. Huo ni wa sita."

Mpira ukawa wetu, filimbi ikalia. Wenzangu walirukaruka, fundi akambusu mwalimu wa hesabu kwenye upara, na mimi nililia bila aibu, nikisingizia tope limeingia machoni.

Baada ya mechi timu hujipanga mistari miwili na kupeana mikono. Alipofika mbele yangu, magoti yakaanza tena kukunjika.

"Simama," akaniambia kwa sauti ndogo. "Unachelewesha foleni."

Akanipa mkono. Ulikuwa mgumu na wa baridi, na kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwa ndani. Miaka minne namfulia shati na sikuwahi kujua mzee ana kidole kilichopinda. Nilipotazama pembeni, mama mkwe alikuwa anafunga upya kitenge chake. "Ndaga," akasema, asante ya kwao, lakini sikujua anamshukuru nani.

Jioni, tumesharudi nyumbani kwetu, ndizi zimeshagawanywa na fungu langu liko jikoni, nilimuuliza mume wangu kile kidole kilivunjika vipi.

"Kamuulize mwenyewe," akasema.

Namba yake nilikuwa nayo miaka yote minne, sikuwahi kuipiga. Nikaipiga. Akapokea, akacheka kidogo, akaanza tangu ujana wake alipokuwa golikipa, akaeleza uwanja ulikuwaje, mvua ilikuwaje, nani aliweka mpira kwenye penalti. Kabla mpigaji hajapiga, salio langu likaisha.

Nikabaki nimeishika simu. Ikaita. Alikuwa yeye.