Pijo Iliyozibwa kwa Pamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karai la mafuta ya taa, brashi iliyovunjika mpini, na rundo la nati na bolti za lori lililofunguliwa. Karakana ilikuwa ya kinu cha kuchambulia pamba, Musoma. Aliyenipokea alikuwa Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua la saa saba. Hakuniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi, nami nikashukuru, maana niliacha shule kabla ya mtihani wa darasa la saba. Aliniambia nioshe kila bolti, niitafutie nati yake, na nisitupe kitu.

Nikauliza, hata iliyopinda?

"Iliyopinda inanyooshwa," akasema. "Hapa tunatupaga vumbi tu."

Vijana wanaonisoma leo watashangaa kwamba niliipenda kazi hiyo tangu asubuhi ile, kwa hiyo nieleze. Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Mama alitangulia, baba akafuata, na matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa Suguti ukatugawa, kama ilivyokuwa desturi. Masatu alibaki kwa baba mkubwa palepale Suguti. Nyangeta alikwenda Butiama kwa mama mdogo. Bwire, kitinda mimba wetu, alichukuliwa na shangazi wa Manyamanyama, Bunda. Nilisimama mbele ya wazee nikasema nitawalea mwenyewe. Wengine walicheka. Baba mkubwa hakucheka.

"Mafuru," aliniambia, "siku utakapokuwa na chakula kisichongoja kengele ya mtu mwingine, njoo uwachukue. Sitakuzuia."

Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nikiosha bolti.

Baadaye nilihamishiwa karakana ya Bunda, chini ya Foreman, mtu mrefu aliyesikiliza injini kwa kung'ata bisibisi na kugusisha ncha yake kwenye chuma. Huko ndiko nilikojifunza ufundi hasa. Nilijifunza kurekebisha platini, vile vidole viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Nilijifunza ringi, bangili za pistoni zinazozuia moto usishuke chini na oili isipande juu. Shida ilipoanza, baada ya vita, spea zikapotea kabisa, tukajifunza na yale ambayo hayamo katika kitabu chochote. Gasketi, yaani kile kipande kinachokaa kati ya chuma na chuma ili mafuta yasivuje, tulikata kwenye maboksi, tukilaza karatasi juu ya chuma na kugonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka umbo lijikate lenyewe. Betri zilipokufa, tuliwasha kwa hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, au kwa kusukuma.

Lakini huwezi kukata tairi kwenye boksi. Malori yalipanda juu ya magogo moja baada ya jingine, pamba ikakaa kwa wakulima, na asubuhi moja kengele ya kinu haikulia. Foreman alituambia twende nyumbani mpaka tutakapoitwa. Kwa kutuaga alituruhusu kila mmoja achukue gunia la pamba chafu ya kufagia sakafuni. Nilibeba langu bila kujua nitalifanyia nini.

Hapo ndipo niliposikia habari za Pijo ya Murangi, kando ya ziwa.

Ilikuwa pikapu ya Pijo 404, ile ya gia kwenye usukani. Mwenyewe alikuwa Mzee Malima, muunda mitumbwi, aliyepewa na mchuuzi wa samaki badala ya mtumbwi. Ilitembea msimu mmoja ikazima. Nilipoikuta ilikuwa imezama kwenye mchanga mpaka ringi za magurudumu. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya rejeta, bodi ya nyuma ilikuwa imeoza hadi ungeweza kuhesabu majani ardhini, na kwenye kiti cha dereva alilala kuku mwekundu ambaye alinitazama kama karani anayekaribia kufunga dirisha.

"Usiguse kiti," Mzee Malima alisema kabla ya salamu. "Ana mayai."

Nilimwambia nina uwezo wa kuifufua. Aliniuliza kama ninajua gari lake lina ugonjwa gani. Nikasema sijui bado, nitajua nikifungua. Jibu hilo lilimpendeza, nadhani kwa sababu wote waliokuja kabla yangu walikuwa wanajua tayari. Tukapatana: mimi injini, yeye bodi, na gari letu wote wawili.

Injini ilikuwa imekwama. Nilitoa plagi, nikamimina oili na mafuta ya taa kwenye matundu, nikaiacha inywe. Kila asubuhi niliijaribu kwa hendeli, ikagoma. Siku iliyokubali ilisogea upana wa kidole tu, nami nikakaa chini nikacheka peke yangu. Kuku alikuwa kitini bado. Nilifanya kazi ya boneti nzima yeye akiwa ndani, na kila nilipoangusha spana alinigombeza.

Gasketi ya silinda hedi haikatwi kwenye boksi, kwa sababu pale ndipo moto ulipo. Nilikwenda Musoma kwa Fundi Mkuu, ambaye naye alikuwa nyumbani akingoja kengele. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na sanduku lake mwenyewe la mbao. Chini kabisa kulikuwa na gasketi ya shaba ya Pijo, imepinda kama jani kavu. Aliiweka juu ya jiwe na kuanza kuinyoosha.

Vifaranga walipoanguliwa, kiti kikawa huru. Siku iliyofuata nilizungusha hendeli, Pijo ikakohoa, ikatoa moshi mweusi na manyoya, ikashika. Watu walikuja kutoka ufukweni na nyavu mabegani. Mzee Malima alivua kofia akaliamkia gari lile shikamoo.

Sasa zamu ilikuwa yake. Alileta mbao za mvule. Mzee Malima alijua njia moja tu ya kuunganisha ubao na ubao, ile ya mtumbwi, na aliifanya kikamilifu. Alikunja miti ya mbavu, kama ya mtumbwi, akapigilia mbao, kisha akauliza kama nina pamba. Nikakumbuka gunia langu. Alisokota pamba, akaishindilia kwenye kila mwanya kwa patasi butu, akapaka lami juu. Wavuvi walipita wakimtania.

"Mzee, makasia umeweka wapi?"

"Kwa mama yako," alijibu bila kuinua kichwa.

Mimi niliona kazi nzuri, nikafurahi. Hakuna kati yetu aliyefikiri zaidi ya hapo.

Safari ya kwanza tulipakia dagaa wakavu wa kupeleka Butiama. Mvua ilitukuta kabla ya Suguti, mvua ile ya kumwaga. Tulipofika mlimani, Suguti penyewe, Pijo ikaanza kulia, nikashusha gia, ikazidi kulia, ikasimama. Nilishuka nikafungua boneti. Nikatazama platini, nikatazama kabureta, nikagusa klachi. Kila kitu kilikuwa salama. Watu wakatoka majumbani na miamvuli ya majani ya migomba, na mbele yao alikuwa baba mkubwa, Masatu akimfuata nyuma. Sikuwa nimetaka wanione hivyo. Nilikuwa nimepanga kupita pale kwa honi.

Baba mkubwa alilizunguka gari taratibu, akachungulia nyuma.

"Mafuru," akasema, "gari lako limejaa maji."

Ni kweli. Bodi ilizibwa vizuri mno. Mvua iliingia na haikupata pa kutokea, na dagaa wetu walikuwa wanaelea kana kwamba wamerudi kwao. Kijiji kizima kilitusaidia kuchota kwa ndoo, na kila ndoo ilikuja na maneno yake. Nilimwambia Mzee Malima kwamba kesho natoboa matundu. Alikataa kabisa. Alisema ameunda vyombo tangu ujana wake na hajatoboa hata kimoja.

"Basi mwiteni mvuvi," baba mkubwa alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Hilo si gari, hilo ni bwawa. Tieni samaki."

Wote wakacheka, nami nikajilazimisha kucheka. Nilijua amenipima na nimepelea. Lakini Mzee Malima hakucheka. Alisimama na ndoo mkononi akitazama ile bodi. Tuliporudi Murangi akaniambia: "Fundi, yule baba yako mkubwa ana akili sana. Tutie samaki."

Enzi hizo barafu haikuwepo. Watu wa Butiama walikuwa wakila samaki mkavu au samaki aliyechoka. Sisi tulijaza maji ya ziwa nusu ya bodi, tukatia sato na mumi, yaani kambare, walio hai, tukafunika kwa wavu. Mimi niliendesha, Mzee Malima alikaa nyuma juu ya ubao. Tuligundua jambo moja la ajabu: barabara ilivyokuwa mbovu ndivyo samaki walivyokuwa wazima, maana mashimo yaliyatikisa maji na kuwapa pumzi. Tulipofika kipande kilichopitiwa na greda, sato walianza kupanda juu na kufungua midomo. Tangu siku hiyo Mzee Malima alisafiri na kasia, na kila barabara ilipolainika alikoroga. Wavuvi wakapata jibu lao kuhusu makasia.

Butiama walitushangaa. Mama mmoja alimgusa sato jichoni, samaki akampiga mkia, akaanguka chini na kapu lake, akainuka akimdai yuleyule. Mama mdogo alikuja kutazama, amemshika Nyangeta mkono. Nyangeta alinitambua kabla sijashuka.

Tulikwenda hivyo msimu mzima, na Pijo haikulala njiani. Nikapanga nyumba ya vyumba viwili Butiama. Ndipo nikapita Suguti kwa honi. Baba mkubwa alitoka, akachagua mumi mkubwa, akamtazama anavyojikunja.

"Siku hizi inakuamsha kengele ya nani?" akaniuliza.

"Ya samaki, baba. Nikichelewa wanakufa."

Baba mkubwa akaingia ndani, akatoka amebeba godoro la Masatu kichwani, yeye mwenyewe, akaniuliza aliweke wapi lisilowe. Wiki ileile Nyangeta alihamia kwangu kutoka kwa mama mdogo, nasi tukamfuata Bwire Manyamanyama. Alikataa kukaa mbele. Alikwenda Butiama akiwa amesimama kwenye maji na nguo zake zote, akiwaita samaki kwa majina.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Spea zikajaa madukani, zikaja pikapu za Kijapani zilizotumika, barafu nayo ikaja, na biashara ya samaki hai ikaisha bila ugomvi. Mzee Malima alirudi kwenye mitumbwi yake. Mimi nikaajiriwa fundi wa magari katika shule moja ya sekondari hapa Butiama, chini ya Mkuu wa Shule aliyependa kila gari lioshwe kabla halijatengenezwa. Nilifundisha vijana wengi pale. Siku ya kwanza kila mmoja nilimpa karai la mafuta ya taa na bolti. Nilistaafu nikiwa na afya, na karai lile nililiacha kazini.

Leo spea unainunua kabla hujajua ya zamani ina kasoro gani. Silaumu. Tungekuwa nazo, nasi tungenunua. Lakini nikiona kijana anatupa bolti iliyopinda, mkono wangu huinama wenyewe kuiokota.

Pijo ninayo. Mzee Malima aliniachia sehemu yake kabla ya kufa, kwa sharti kwamba nisitoboe bodi. Kila Krismasi sisi wanne tunapanda, tunakwenda Suguti kwenye makaburi ya wazazi, Bwire nyuma ingawa sasa ana wajukuu. Mwaka huu Nyangeta alikuja mapema, akafungua mlango wa dereva, akaufunga tena polepole.

"Kaka," akaniambia, "kuna kuku kwenye kiti. Ana mayai."

Masatu alisema tumhamishe, ni kuku tu. Nikamwambia achukue kiti akae. Tutakwenda mayai yakianguliwa.