Sikuwaaga wa Ndani

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na jua likiwa utosini. Sikuwa na homa wala sikuwa ndotoni. Wanaotaka kucheka wacheke, nimeshazoea, lakini kama una mtoto, nisikilize.

Mimi ni mwalimu kutoka Meru. Kwa miaka mitatu nilipanga nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu, mimi na binti yangu Makena, wa miaka minne. Nilipopata uhamisho wa kurudi nyumbani nilifuata utaratibu wote. Mkataba ulitaka notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Niliandika nakala mbili, mwenye nyumba, Bwana Shee, akazitia sahihi zote, moja nikabaki nayo. Nani angenilaumu?

Bwana Shee alikunja yake, akaitia mfukoni, kisha akasema taratibu, "Na wa ndani, Mwalimu? Siku ya kutoka fukiza ubani, uwaage. Nyumba hini ina wenyewe."

Nikatabasamu tu. Mimi ni mtu wa kanisa, na isitoshe mkataba haukutaja wengine. Leo nikilikumbuka tabasamu lile natamani kujizaba kofi.

Siku mbili kabla ya safari, baada ya adhuhuri, mji ukiwa umejipumzisha, nilikuwa nafunga vyombo. Makena alikuwa amelala chumba cha ndani. Nikainua kichwa, nikamwona mwanamke wa makamo ameketi kwenye kizingiti cha chumba hicho, amevaa buibui, uso wazi. Nikadhani ni jirani. Ukihama, majirani huja kuuliza unaacha nini, nami nilikuwa nimeshagawa jiko na mtungi.

"Barua ya Shee nimeiyona," akasema. "Yangu i wapi?"

Nikamwambia mimi nimepanga kwa Bwana Shee, sina barua ya mtu mwingine. Hakukasirika. Akauliza namwachia nini yeye: "Basi, mimi waniwatia nini?"

Sasa sikia ujinga wangu. Nilikuwa nimechoka, sikutaka hata kumtazama. Nikamjibu, "Kitakachobaki ndani nikishatoa mizigo, chukua."

"Nimeridhika," akasema.

Nilipogeuka hakuwepo. Nikaenda kufunga mlango wa nje, nikakuta komeo limefungwa kwa ndani, vile vile nilivyoliacha. Wewe ungefanya nini? Mimi niliomba, nikajiambia ni uchovu. Duka la ubani lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, na sikwenda.

Siku ya kuondoka, punda walikuja asubuhi. Makena alikuwa bado usingizini, nikamwacha ili nisimamie mizigo kichochoroni. Vitu vyote vilitoka, likabaki godoro moja na yeye juu yake. Kamba ya mzigo wa mwisho ilipokazwa, ndipo maneno yangu yaliponirudia. Nilikimbia, niamini, nilikimbia. Nilimkuta ameketi, ananitazama kama unavyomtazama mpita njia. Nikamwita kwa jina. Akageuka kuangalia nyuma yake, kumtafuta huyo Makena.

Huu ni mwaka wa pili tuko Meru. Mwili ni ule ule, hata kovu la goti lipo, na madaktari hawajaona ugonjwa. Lakini Kimeru chake chote kimefutika. Anaongea Kiamu, lahaja ya Lamu, tena cha watu wazima, na mimi mama yake ananiita Mwalimu. Nilirudi Lamu peke yangu, nikafukiza ubani kila chumba, nikalia, nikaomba radhi. Bwana Shee alisimama mlangoni. "Ulimtoa wewe mwenyewe, kwa kinywa chako," akaniambia.

Kwa hiyo ukihama, mpe notisi mwenye hati, kisha simama katikati ya chumba uwaage na usiowaona, hata ukiona aibu. Ukiulizwa unaacha nini, taja kitu kimoja kimoja kwa jina lake.

Kumpeleka mtoto kule Lamu naogopa, maana akiingia nyumba ile najua hatatoka. Na kila siku baada ya adhuhuri huja, akanishika mkono kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nipeke kwetu."